Tundu la Waya

Mbaruku alikaa, akasimama, akakaa tena. Fundi Tabu alikuwa akitoboa ukuta ambao yeye na mdogo wake Sudi waliujenga katikati ya ofisi yao ya ramani walipogombana. Tangu hapo kila mmoja alikuwa na mlango wake na intaneti yake. Sasa mteja mkubwa alitaka kazi ya wote wawili, na ilibidi kompyuta zao ziunganishwe.

"Intaneti zibaki mbalimbali," Mbaruku alifoka. "Waya upitishe ramani tu, basi."

"Mzee, nimekusikia tangu asubuhi."

Keekee ikatokeza upande wa pili. Vumbi lilipotulia, kikaja kikohozi kikavu, kirefu, kutoka upande wa Sudi. Mbaruku alikijua. Baba yao alikohoa hivyohivyo mwaka aliokufa.

"Ameanza lini kukohoa hivyo?"

"Mimi ni fundi wa waya. Muulize mwenyewe, huyo hapo."

Tabu alipitisha waya, akakoroga saruji kidogo. "Nizibe?"

Mbaruku alipiga magoti, akasogeza mdomo kwenye tundu. Kikohozi kikanyamaza, na ule mwanga mdogo uliotoka upande wa pili ukazibwa na kivuli.