Sauti ya Mwasiti

Siku hizo kila mtu alivaa shingoni kidani cha kunyoosha sauti, nyumbani na kazini, na kukivua lilikuwa kosa la kisheria.

Mwasiti, muuguzi wa Morogoro, alikuwa akiigiza mke mgomvi katika mchezo wa zamani wa nyimbo na vichekesho, uliotayarishwa na kikundi cha mtaani kwao. Lakini kwa kidani, hata matusi aliyaimba kwa sauti ya kubembeleza mtoto, na watazamaji wakapiga miayo.

Katikati ya onyesho akakivua. Mumewe Shomari, aliyekuwa naye jukwaani, akamnong'oneza, "Mama Neema, kivae. Watatukamata."

"Waje. Wimbo nitaumaliza."

Sauti ikatoka nzito, yenye mikwaruzo, ikakosea njia ya wimbo waziwazi. Ukumbi ukavunjika mbavu. Shomari naye akavua chake, akamjibu ubeti.

Walirudi nyumbani wakiwa bado wanacheka. Mlango ulikuwa umekomewa kwa ndani.

"Neema, fungua. Ni mama."

"Mama yangu hana sauti hiyo," mtoto akajibu kwa woga.

Shomari akamnyooshea mkewe kidani. Mwasiti akakisukuma kando, akaketi kizingitini, akaanza kumsimulia binti yake habari za siku aliyozaliwa.