Mbuzi wa Ushahidi

Jiwe la kwanza lilimpata Theodory begani akiwa bado anarukaruka, miguu ameibana pamoja, katikati ya ng'ombe waliokufa. La pili likampasua sikio. Hata hivyo hakutimua mbio. Aliendelea kuruka kama shomoro, damu ikimchuruzika shingoni, mpaka akatoka kwenye majani na kuifikia pikipiki yake.

Watu wa kitongoji kile cha Ufipa hawakuhitaji kuelezwa wanachokiona. Mgeni, mchana kweupe, anacheza ngoma isiyojulikana katikati ya mizoga, na kwenye pikipiki yake kuna kisanduku chenye taa nyekundu. Kama huyo si mchawi, mchawi ana mkia?

Walimrukia. Rungu la Masunga, mwenye ng'ombe, lilimvunja mbavu. Teke la mwingine likamtoa meno ya mbele. Pikipiki ikaangushwa, kisanduku kikadondoka chini, simu ikasagwa kwa jiwe. Theodory alikiona cha mtema kuni.

"Ng'ombe wangu wamekukosea nini?" Masunga alikuwa anapiga huku analia. Alikuwa amewapandisha kutoka Mtowisa kufuata malisho, na hakuwa na mali nyingine duniani.

"Siyo mimi, mzee," Theodory alisema, akitema damu. "Waya umekatika, umelala kwenye majani. Ardhi yenyewe pale ina umeme. Ukipiga hatua, unaingia mguu huu unatokea mguu ule, unakufa. Ndiyo maana nilikuwa naruka."

Watu wakacheka. Umeme gani unatembea kwenye udongo? Na waya ukikatika si umeme unazimika?

Hauzimiki. Ardhi ikikauka namna ile, mitambo ya mjini haishtuki, waya unalala chini ukiwa hai. Theodory alijua hilo kwa uchungu, maana kaka yake alikufa hivyo. Ndipo akajifungia chumbani kwake Milanzi, miaka ikapita, mpaka akaunda kisanduku kinachogundua waya ulioanguka na kukata umeme kwa kitufe kimoja. Siku ile kilikuwa kimelia kweli kwa mara ya kwanza. Alikiacha kwenye pikipiki, akaingia malishoni kuutafuta waya kwa macho, na aliposhtuka alikuwa ameshaingia katikati. Alikuwa anarudi kukibonyeza.

Mtu mmoja akafungua tangi la pikipiki. Petroli ikamwagika kwenye shati la Theodory, ikamchoma vidonda, akapiga yowe.

"Subirini!" Alikuwa Beda, mwenyekiti wa kitongoji, Mfipa mtu mzima, na peke yake ndiye aliyethubutu kuushika mkono wa Masunga. "Tumpime. Aletwe mbuzi, aswagwe pale. Akianguka, kijana anasema kweli, tutampeleka hospitali na kumwomba radhi. Akipita mzima..."

"Akipita mzima, huyu mchawi ni wangu," Masunga alisema.

"Ni wako."

Kijana mmoja akatumwa nyumbani kwa Masunga kwa njia ya juu, ile inayozunguka malisho. Wote wakageuka kuitazama njia hiyo, wakimsubiri arudi.

Theodory akamshukuru Mungu. Mbuzi angeanguka, alijua hivyo kama anavyolijua jina lake. Kisanduku kilikuwa karibu na mkono wake na taa nyekundu ilikuwa inawaka, maana yake waya ulikuwa hai. Safari hii hakutaka hata kukigusa. Kisanduku kilijua kukata tu. Kuurudisha umeme ni mpaka watu wa kituoni, Sumbawanga mjini, na bila umeme hakuna wa kumwamini. Alalie mbavu zake zilizovunjika, asubiri. Kwa mara ya kwanza aliona kwamba usiku ule atalala kwake.

Kwa kuwa shavu lake lilikuwa limegandamizwa chini, likielekea kwenye mizoga, yeye peke yake ndiye aliyemwona Minza.

Binti huyo wa Masunga hakuwepo watu walipoonywa, na kijana aliyetumwa alipofika nyumbani kuomba mbuzi, hakuona haja ya kuzunguka naye. Alikuwa anakuja kwa njia ya mkato, sweta la shule mwilini, kamba mkononi, anamvuta mbuzi moja kwa moja kuelekea kwenye ng'ombe wa baba yake.

"Rudi!" Theodory alijaribu kupiga kelele. Kinywa kilichovunjika kikatoa povu la damu.

"Nyamaza, mchawi!" Mguu ukamkanyaga shingoni.

Angenyamaza, angepona. Mtoto angeanguka, na hapo hata Masunga angeamini. Wazo hilo lilimpitia kichwani waziwazi, naye akalichukia kwa roho yake yote. Akanyoosha mkono.

"Anachukua dawa!" Rungu likashuka kwenye kiwiko, mfupa ukalia. Akanyoosha mkono wa pili. Rungu likapaa tena, lakini kidole kilikuwa kimeshafika. Taa nyekundu ikazimika.

Minza aliingia kwenye majani. Akapita katikati ya mizoga, akasimama kidogo, akainama kumshika pembe ng'ombe mmoja aliyempenda. Akafuta machozi kwa mkono wa sweta. Kisha akauruka waya, mbuzi nyuma yake, akaja mpaka walipo.

Theodory alilia kwa furaha. Alikuwa mzima, mtoto wa watu, mzima kabisa.

"Baba," Minza alisema, akinyoosha kamba. "Mbuzi huyu hapa."

Wote wakageuka. Masunga aliitazama njia aliyopita mwanawe, akamtazama mbuzi aliyekuwa anatafuna. Kisha akamfunika binti yake macho kwa kiganja, taratibu, akaomba kiberiti.