Nyimbo Elfu Ishirini

"Hiki kinabeba nyimbo elfu tano," alisema muuzaji, akikigeuzageuza kicheza muziki mkononi ili kioo chake king'ae.

"Chache," alijibu fundi cherehani.

Mdogo wake, aliyekuja kumsindikiza, alimtazama kwa mshangao. Tangu lini dada yake akawa mtu wa muziki? Redio yake ilikufa miaka sita iliyopita na hakuna aliyeilia.

Muuzaji, mwanamke mchangamfu anayeipenda kazi yake, akatoa cha pili. Elfu kumi. Fundi akatikisa kichwa. Basi muuzaji akafungua kabati la kioo, akatoa kidude chembamba cheusi, akakiweka juu ya kaunta taratibu kama anayemlaza mtoto.

"Elfu ishirini, mama. Ukisikiliza kuanzia asubuhi mpaka jioni, miezi mitatu itapita hujasikia wimbo mmoja mara mbili."

"Hebu rudia hapo."

Muuzaji akarudia. Uso wa fundi ukalainika kama wa mtu aliyeletewa posa.

"Na si hilo tu," muuzaji akapamba moto. "Ukiupenda wimbo, unabonyeza hapa, unajirudia wenyewe mpaka uchoke."

Fundi akakiachia kile kidude kama kimemuunguza. "Hamna kisicho na hicho kitufe?"

Hakikuwepo. Ikabidi muuzaji aahidi kukificha kitufe ndani kabisa, mahali ambapo mtu hafiki ila kwa makusudi. Kisha akauliza atie nyimbo za aina gani.

"Zozote. Za zamani, za vijana, za kubembelezea watoto. Hata za matangazo ya sabuni tia. Isipokuwa mmoja tu, ule wa tarumbeta, unaoanza na mwanamume anacheka."

"Ule mzuri?"

"Huohuo."

Mdogo mtu akageuka ukutani kuficha kicheko. Sasa alikuwa ameelewa.

Fundi akachagua na hedifoni, zile kubwa za kufunika sikio zima. Alimvalisha mdogo wake, akaamuru sauti ipandishwe hadi mwisho, akamsogelea na kutega sikio. Hakusikia kitu. Akalipa bila kuomba apunguziwe, jambo ambalo mdogo wake hakuwa ameliona tangu azaliwe.

Walipofika nyumbani, fundi hakusimama kwenye mlango wake. Aliupita, akaendelea kupanda ngazi, kifurushi kifuani.

Ghorofa ya juu alikuwa akiishi dereva wa lori mstaafu, mjane, aliyehamia miezi mitano iliyopita na spika mbili zenye kimo cha mtoto wa darasa la kwanza. Kila siku, saa tatu asubuhi, fundi akishatia tu uzi kwenye sindano, yule mwanamume wa kwenye wimbo anacheka. Tarumbeta zinafuata. Wimbo ukiisha unaanza upya, hadi adhuhuri. Wiki iliyopita alikuwa ameshona mkono wa gauni la bibi harusi nyuma mbele, na bibi harusi alilia palepale chumbani. Juzi alianza kuulizia chumba mtaa mwingine, yeye aliyekaa hapo miaka tisa na wateja wote wanaujua mlango wake.

Kugombana alishindwa. Utamgombezaje mtu anayekupandishia majora ya vitambaa begani bila kuombwa, na hakupiti ngazini bila kukuuliza umeamkaje? Kwa hiyo aliamua kumpa nyimbo nyingine, nyingi kiasi kwamba ule mmoja usipate nafasi.

Alibisha hodi mara tatu ndipo akasikika.

"Mama Fundi," alisema mzee akifungua, shati limepigwa pasi, tarumbeta zikivuma nyuma yake. "Leo umepanda mwenyewe. Karibu, karibuni."

"Sikai, mzee. Nimeona unapenda muziki, nikasema nikuletee kizawadi kidogo."

Mzee alikipokea kwa mikono miwili. Alivaa miwani, akasoma boksi upande mmoja, akasoma na wa pili. Kisha akaenda kuzima spika. Nyumba nzima ikatulia hivi kwamba fundi alisikia bomba la jikoni likidondosha maji, akahisi mabega yake yakishuka yenyewe.

"Tangu mke wangu afariki," mzee alisema, "sijaletewa zawadi na mtu."

Fundi aliona haya kidogo. Akajishughulisha kumwonyesha pa kuwashia, akamvalisha zile hedifoni mwenyewe, akizirekebisha masikioni kama anayempima kola. Mzee akafumba macho. Kidole chake kikaanza kugonga paja. Akatabasamu, akabonyeza wimbo wa pili, akabonyeza wa tatu.

Ngazini, mdogo mtu alimkonyeza dada yake. Kazi imekwisha.

Ndipo mzee akazivua hedifoni, akazitazama, wasiwasi ukamwingia usoni.

"Lakini nikivaa hizi, Mama Fundi, wewe huko chini utasikiaje?"

"Mimi?"

"Mimi ule wimbo ulinichosha tangu wiki ya kwanza, nakuwekea wewe tu. Siku ile nilipohamia niliujaribu mara moja, nikakusikia unaupigia mdundo darini kwa ufagio, mpaka vikombe vyangu vikacheza, nikajiambia: jirani kama huyu, sitamnyima."