Chumvi kwenye Kolamu

"Mashine imekufa," Zubery alisema nilipoingia maabara, kabla sijaweka hata mkoba chini. "Mahindi ya shemeji yangu yanatoka leo bila kipimo. Shuleni wanayasubiri."

Huyo ndiye bosi wangu. Hakunitazama usoni.

Presha ilikuwa imepanda mpaka pampu ikajizima. Nikaifungua kolamu, kile kibomba cha chuma ambamo sampuli hupita, nikagusa mdomo wake kwa kidole. Kulikuwa na ukoko mweupe, mkavu, unaokwaruza kama chumvi ya Uvinza.

Ilikuwa chumvi kweli. Jana niliacha maji ya chumvi ya kupimia humo ndani kwa sababu aliniambia niende nyumbani, atasafisha mwenyewe. Kila anayegusa mashine hii anajua maji safi yanatangulia, ndipo methanoli, ile spiriti ya maabara, inafuata. Ukianza na methanoli, chumvi inaganda humo humo.

"Umeiziba makusudi."

"Chunga mdomo wako, we mkimbizi wa Katumba. Hapa nilikuingiza mimi."

"Mahindi yale yananuka ukungu, bosi. Yana sumukuvu. Watoto watapikiwa uji."

"Nani kasema? Kipimo kiko wapi?"

Niliigeuza kolamu, nyuma ikawa mbele, nikapasha moto maji safi, nikaanza kuyasukuma taratibu ili chumvi iyeyuke. Tulisimama tukitazama presha.

Tone la kwanza likadondoka kwenye chupa. Presha ikaanza kushuka.

Zubery akaenda mlangoni, akazungusha ufunguo kwa ndani.