Upande Wake wa Sinia

Tangu waoane, Mwanahawa na mumewe Shekue walikula sinia moja, kila mmoja na upande wake. Mchana huo upande wa mke ulibaki kama ulivyopakuliwa. Shekue alimsogezea minofu ya samaki. Mkewe akaifunika kwa wali, akageuza uso.

"Mama Zuhura, kama nimekukosea niambie," alisema Shekue. "Jana umenisusia chakula, na leo tena."

Mwanahawa aliinuka, akatoa kwenye friji sindano iliyofanana na kalamu.

"Sijasusa, Baba Zuhura. Daktari kanianzishia hii ya kupunguza mwili. Harufu ya kitunguu tu inanichafua moyo, na matonge mawili nimeshiba. Nilidhani utanicheka."

Shekue hakucheka. Aliipokea sindano kwa mikono miwili, kama mtu aliyepewa kifaranga, akairudisha kwenye friji. Akakata ndimu, akaiweka upande wa mkewe, akaketi.

Mwanahawa alimega tonge dogo, akapumzika. Shekue naye akamega dogo kama lile, akapumzika.

Alasiri iliadhiniwa sinia likiwa bado limejaa, na mikono yao ikingojana ukingoni.