Halwa Yenye Dawa

"KAMATI KUU YA USALAMA WA HALWA inasikitika kutangaza kwamba halwa iliyoibwa Bweni la Tatu ilitiwa dawa ya jaribio la sayansi. Bangi ya shambani hubisha hodi mwilini. Hii iliyotengenezwa maabara huvunja mlango. Dalili: kinywa kukauka, moyo kwenda mbio, hofu isiyo na sababu. Aliyekula amwone Sista Ruweyda kabla ya magharibi."

Kamati nzima ilikuwa Keynan, na dawa haikuwepo. Halwa ndiyo ilikuwepo: mkebe mzima wa bati kutoka kwa ayeeyo wake, bibi yake wa Hagadera, na Keynan hakuwahi kuionja.

"Walaal, ndugu yangu, mkuu wa shule akijua ni uongo, utarudi Hulugho kuchunga mbuzi," alionya Yahye, jirani yake wa kitanda cha juu.

"Mwizi atajileta kwanza."

Mwalimu Barre wa kemia alilisoma tangazo mara mbili. Maneno ya kubisha hodi yalikuwa yake, ya darasani Jumatatu.

"Hivi," aliuliza, "imepakwa juu tu, au imeingia mpaka ndani?"

"Mpaka ndani, Mwalimu," Keynan alijibu kwa huzuni ya daktari.

Tangu saa nane Keynan aliuvizia mlango wa zahanati ya shule. Alikaa, akainuka, akalizunguka tangi la maji. Hakuja mtu. Kinywa kilimkauka yeye. Moyo ulimwenda mbio yeye, ambaye hakula kitu.

Saa kumi Mwalimu Barre alipita akiyumba, mkono kifuani, akaingia zahanati.

Keynan nusura apige makofi. Kisha sauti ya Sista Ruweyda ikatoka dirishani, kubwa ya kusikika mpaka msikitini: "Mwalimu, lala hapo! Gari la wagonjwa linakuja, na sindano hii nakudunga sasa hivi!"

 Mtu anadungwa kwa ugonjwa asio nao! Keynan aliwaona mbuzi wa Hulugho wamejipanga wakimsubiri. Akakimbia ndani hivyo hivyo.

"Sista, usimdunge! Hakuna dawa! Tangazo niliandika mimi, ni uongo mtupu. Ile ni halwa tu, wallahi!"

"Apa tena," Mwalimu alinong'ona kitandani, macho kayafumba.

"Wallahi billahi, halwa tu!"

Mwalimu Barre akaketi wima, akaingiza mkono chini ya mto na kutoa mkebe wa halwa.

"Alhamdulillahi," alisema. "Sista, chukua tena kijiko chako."