Chembe Elfu Ishirini na Mbili

Dokta Kihwelo aliweka kikombe cha chai juu ya majibu ya damu aliyoletewa na Mwahija wa maabara, bila kuyasoma.

"Vidole hivi vinasoma matumbo miaka thelathini, binti. Hii ni gesi tu."

Mwahija alikuwa amehesabu mara mbili: chembe nyeupe elfu ishirini na mbili. Hiyo ni hesabu ya kidole tumbo kinachokaribia kupasuka. Hakubishana na mpumbavu.

Kitandani, Tausi, fundi cherehani, akaacha kuguna ghafla. "Dokta, maumivu yamekatika!"

"Umesikia, bibi darubini?"

Mwahija alisikia. Nafuu ya namna hiyo huja kidole tumbo kikishapasuka. Akafungua breki za kitanda, akakisukuma mbio hadi kwenye mlango uliofungwa wa chumba cha upasuaji, akaugonga nacho ili wapasuaji walio ndani wafungue.